Pwani Niliyoiuza Kabla Sijaiona

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya safari kule Mutrah, mkabala na Bandari ya Sultan Qaboos, nilipewa kitambaa nikaambiwa niifute vumbi ramani ya dunia. Meneja wetu, tuliyemwita mudiri, akanisimamia.

"Weye umeshafika wapi humu?"

"Bawshar, mtaani kwetu."

"Bawshar haimo kwenye ramani hii."

"Basi sijafika popote, mudiri." Kutoka Unguja nililetwa ningali mchanga, nimelala, kwa hiyo safari ile siihesabu.

Tiketi zama zile zilikuwa vijitabu vyenye karatasi za kaboni. Ukikosea herufi moja, unaandika kijitabu kipya. Kila kiwanja cha ndege kina herufi zake tatu: sisi MCT, Bali DPS. Nikazihifadhi zote kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu ya Amma.

"Mteja hanunui kiti," mudiri alinifunza. "Ananunua maneno yako. Yatafute."

Nikayatafuta bila ya kuinuka kitini. Kila mteja aliyerudi nilimmiminia kahawa, nikamuuliza, nikaandika daftarini. Iliyojaza kurasa nyingi zaidi ni Jimbaran, pwani ya wavuvi kule Bali: mabanda yamepangana mchangani, samaki unamchagua mwenyewe juu ya barafu, wanamchoma kwa makumbi ya nazi. "Kaeni meza ya tatu kutoka majini," nikiwaambia maharusi, "ya kwanza mawimbi yatakurowesheni." Ungedhani nna nyumba kule.

Jioni, kwa chai, mke wangu Zuwena akiyasikia yote.

"Na sisi lini, Baba Hilal?"

"Mwakani, inshallah. Kazi nyingi."

Uongo. Nilikuwa nnaogopa ndege. Nilizijua zote kwa majina, na sikutaka kupanda hata moja.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Ghubra, chini ya mudira, mwanamke wa maneno machache. Siku moja wakarudi maharusi wawili niliowauzia safari ya Jimbaran, bibi harusi macho mekundu. Walifika pwani siku ya ibada. Watu wa kule, wengi wao Wahindu, wameteremka baharini na nguo nyeupe, miavuli na ngoma. Yeye akakimbilia picha, akakanyaga kijikapu cha majani ya mnazi chenye maua na ubani, sadaka iliyowekwa mchangani.

"Hukutwambia, ami," alisema. "Nimekanyaga dua ya watu."

Mudira akaniita ndani. "Bali ulikwenda lini?"

"Sijapata kwenda."

Akanitazama mpaka kiti kikawa kidogo. "Basi wanaorudi usiwaulize walichofurahia tu. Waulize na walichokosea."

Tangu siku ile, hakuna aliyechukua tiketi ya DPS mkononi mwangu bila ya kuambiwa: tazama chini unapokanyaga.

Siku ya kustaafu, mudira akanipa bahasha. Tiketi mbili, DPS. Nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba nge.

Zuwena akaisoma. "Magoti yangu hayaingoji mwakani yako nyengine. Mie nakwenda. Ukitaka, baki na Bawshar yako."

"Zuwena, mie naogopa ndege."

"Najua. Chukua sweta, mle ndani mna baridi."

Njia nzima niliushika mkono wake mpaka ukafa ganzi. Tulipofika Jimbaran nikajitia mwenyeji: "Unaona, haya ndiyo yale mabanda—"

"Nyamaza, baba. Niache nione."

Mara ngoma zikalia. Mama wa banda, aliyekuwa akitupimia changu, akaacha mizani. Watu wa nguo nyeupe wakapita kuelekea majini, wazee kwa watoto. Nikarudi nyuma kwa adabu kuwapisha, nikasikia kitu laini chini ya kiatu. Kijikapu!

Nikaganda, mguu siujui niuinue au niuache. Mama wa banda akanionyesha kijiti cha ubani kimeshazima, akasema kwa Kiingereza chepesi: imeshapokelewa, baba, usihuzunike. Nikamkumbuka yule bibi harusi. Laiti maneno haya ningekuwa nayo siku ile!

"Miaka yote unaamrisha watu watazame chini," Zuwena akasema, anacheka mpaka anajifuta macho kwa mtandio. Kisha akashika fimbo yake, akaenda moja kwa moja, bila kuuliza mtu, akakaa meza ya tatu kutoka majini.

"Umejuaje?"

"Huku mie nimeshakuja mara nyingi, kila jioni na kikombe cha chai. Mgeni weye. Haya, kaa."

Nikakaa.

Siku hizi nyinyi vijana mnakata tiketi kwa simu, na herufi tatu hamna haja nazo. Sawa. Lakini anayerudi safari mmiminieni kahawa, mumuulize, na anayekungojeni nyumbani msimwambie mwakani. Mie bado ni mtu wa Bawshar, ukinitafuta utanikuta barazani. Ila pasipoti sikuirudisha sandukuni. Zuwena kaiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko.