Upokoina na Majani Yaliyoachana

Miaka mingi Upokoina alikuwa muuguzi katika hospitali ya kisiwa cha Rarotonga, na miaka hiyo yote macho yake yalikuwa yakitoroka kazini. Akifunga kidonda, aliona ua ndani ya doa la dawa. Kivuli cha matawi kikitambaa juu ya shuka la mgonjwa, alisimama na sindano mkononi kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Mwisho akaogopa. Muuguzi anayeota mchana ni hatari. Akavua sare, akanunua mkasi mkubwa, akatangaza kwamba sasa ni mkataji wa michoro ya tivaevae, yale matandiko ya maua ambayo wanawake hushona pamoja.

Hakuna aliyemletea kitambaa. Waliomjia walimletea majipu.

Ndipo jirani yake, Mama Ngapoko, akamwonea huruma. Mjukuu wake alikuwa anaolewa.

"Mwanangu, mkataji wetu kahamia Auckland. Kata wewe. Lakini kitambaa chekundu ni hiki tu, dukani kimekwisha."

Adhuhuri moja, barazani, Mama Ngapoko na washonaji wenzake wakatandika kitambaa cheupe cha chini. Kile chekundu wakakikunja, kikakunjwa tena na tena, Upokoina akachora juu yake tawi la mshelisheli. Akaanza kukata. Mkasi ulikwenda wenyewe, naye akaufuata kama usingizini, asione kwamba anakata upande wa mkunjo, pale panaposhika mchoro wote.

Walipokikunjua juu ya kile cheupe, majani yakaachana moja moja.

"Yesu wangu!" akasema Teremoana, mshonaji mwenye ulimi mkali. "Nesi, umezoea kukata vitovu! Huku hatutenganishi mama na mtoto!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Ngapoko hakucheka. Upokoina akawaza: Nani atampa kitambaa kingine baada ya hiki? Akainama ayaokote majani, lakini upepo wa baharini ulikuwa umeshayatawanya juu ya kile cheupe. Mengine yamelala ubavu, mengine yanafukuzana kuelekea pembeni. Macho yake yakaona tawi linalopigwa na upepo, mkono ukagoma kuokota. Akasogeza jani moja, upana wa kidole. Akasogeza jingine. Kicheko kikapungua taratibu, kama mvua inayohamia bonde la pili. Akatambaa kwa magoti kitambaa kizima, jani kwa jani.

Alipoinua uso, Mama Ngapoko alikuwa ameshatunga uzi sindanoni.

"Bibi yangu angenichapa," alisema. "Sijapata kuona tivaevae isiyoshikana." Akalibana jani la kwanza kwa mshono mrefu, pale pale lilipolala. "Haya. Inaitwaje?"

Swali hilo huulizwa mkataji peke yake. Yeye ndiye aliyeuzaa mchoro, na jina ni lake kulitoa. Hata Teremoana alitega sikio.

"Nadhani, Mama... labda... Upepo wa Adhuhuri."

"Nadhani si jina, wala labda si jina. Bibi harusi ataniuliza, nimwambie nini?"

Upokoina akavuta pumzi, akalitaja tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.