Daftari Lililosema Anaendelea Vizuri

"Sasa wewe msomi, mtu akikusalimia, umjibu kwamba unaumwa?" Mama mmoja wa Lisekese, hapa Masasi, aliniuliza hivyo. Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba amefariki kwa homa ya siku tatu, na kwamba wamempeleka kwao Makote, Newala, kumzika. Wasomaji wa safu hii mnajua nilivyo mbishi. Kwake yeye ubishi wangu ulifika ukutani.

Alikuwa mbanguaji wa korosho. Utotoni sisi watoto wa mtaani kwake tulimngoja njiani akitoka kiwandani, nguo zikinukia moshi, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, na kwenye pindo la kanga korosho zilizovunjika za kutugawia. "Kuleni, wakaguzi wangu!" Baadaye gunia lilimwangukia mgongoni, kazi ikamshinda, akaomba malipo ya ulemavu. Mfuko wa wafanyakazi ukataka ushahidi wa matibabu ya mfululizo. Alikuwa nao: kila mwezi kliniki, hakukosa hata mara moja, yote yameandikwa kwenye daftari lake. Wakamkatalia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nikaamini mfuko unamdhulumu. Kisha nikalisoma daftari, na niseme kweli, nikamshuku yeye. Kila ukurasa ulisema: "Anaendelea vizuri. Aendelee na dawa."

Mwezi uliofuata nilimsindikiza. Daktari, kijana mpole, akamwamkia: "Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu."

Kalamu ikaanza kutembea. Nikaropoka, "Mama, mgongo!"

"Nyamaza we! Ndiyo kwanza naingia, nianze kummwagia mtu matatizo? Huko chuoni hamkufundishwa kusalimiana?" Hapo ndipo akaniuliza lile swali. Daktari alicheka, halafu akaiweka kalamu mezani.

"Mama, unaweza kuinama?"

Akafikiri. "Siwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu gunia."

Siku hiyo iliandikwa nusu ukurasa. Mfuko ukajibu kwamba utalitazama upya ombi lake akileta kumbukumbu za namna hiyo za miezi sita. Alifikisha minne.

Nimetafuta wa kulaumiwa, na kila ninayemshika ananiponyoka. Mfuko ulisoma kilichoandikwa. Daktari aliandika alichojibiwa. Mama alijibu kama alivyolelewa, kwa sababu kwetu mtu hakabidhi maumivu mlangoni: husalimia kwanza, akae, aulizwe habari za nyumbani, na foleni ya kliniki haina nafasi hiyo. Kuhudhuria kila mwezi ni ushahidi, ila huwa ushahidi wa adabu tu kama hakuna anayeuliza zaidi ya salamu. Ukimsindikiza mgonjwa wako, sema asichoweza kufanya. Na wewe unayeshika kalamu, uliza mara ya pili. Najiambia hayo mimi pia, niliyemjazia fomu nzima ya ombi la mfuko nikijiona nimeuliza kila kitu.

Jumamosi iliyopita, baada ya kisomo cha arobaini nyumbani kwake Lisekese, nilimsaidia binti yake kukunja mikeka. Nikamuuliza kwa nini kitanda cha mama yake kinaonekana kipya. Akanitazama kama mtu aliyedhani najua. Tangu gunia lile, mama yake hakuweza kujinyoosha. Miaka miwili yote alilala ameketi, ameegemea ukuta.