Karibu Iliyomponyoka Chirau

Chirau alikuwa dalali wa mahakama asiyejua kuwa mkali. Mara mbili alitumwa kutoa wapangaji madukani, na mara zote alirudi ameshiba, wapangaji wamebaki. Mwaka wa tisini na sita, mjini Mombasa, tajiri wake, Samuel, akamwambia kwa upole, "Hili duka la Ndia Kuu ndilo la mwisho. Bi Intisar akija alasiri akamkuta mpangaji ndani, wewe ofisini usirudi."

Bi Intisar ndiye mwenye duka. Alilitaka ili bintiye Abrar, aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto wadogo, apate pa kuweka cherehani. Mpangaji alikuwa Hamdan, muuza vinyago, mtu ambaye ukimdai kodi atakuuliza kama watoto hawajambo. Siku hiyo hakuleta ubishi. Alihamisha vitu vyake vyote, akafagia, akamkabidhi Chirau ufunguo. Chirau akageuka afunge, akakuta hapana mlango.

"Mlango u wapi, Bwana Hamdan?"

"Amri ya mahakama yasema nitoe vitu vyangu. Mlango wa mwenye duka uliliwa na mchwa zamani. Huo uliokuwapo naliutia mimi."

Chirau akaisoma amri upya, na kweli mlango haukutajwa. Akaita fundi, naye akasema mwingine haupatikani mpaka kesho. Basi akatandika jamvi kizingitini, akaketi kulilinda duka kwa mwili wake. Wapita njia wakadhani amefungua biashara. Mtalii mmoja akamuuliza bei ya jamvi.

Watu walipokuwa wakitoka msikitini alasiri, Chirau alikuwa anasinzia kwa joto na njaa.

"Hodi," sauti ikasema.

"Karibu," akajibu.

Ilimtoka kabla hajainua macho. Mama yake, kule Kwale, hakumwacha mpita njia apite bila kula, na mtu aliyelelewa hivyo haizuii karibu, kama asivyozuia chafya. Hamdan akavua makubadhi, akapita na birika ya kahawa na sahani ya halua, akaketi katikati ya duka.

"Bwana Hamdan, tafadhali, utaniponza."

"Wanikaribisha kisha wanifukuza? Na majirani wamesikia."

Akamimina kahawa. Ni mtu anayekunywa polepole sana.

Bi Intisar akafika na wakili wake, akasimama pale ulipokuwa mlango. Hamdan akainuka kwa adabu.

"Karibu ndani, Bi Intisar. Kahawa ingali moto."

"Starehe, mwanangu," akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote kila alipokaribishwa kwa watu. Kisha akaisikia kauli yake mwenyewe: amejibu kama mgeni katika duka lake.

"Dalali amemkaribisha, nawe umemwitikia kama mwenyeji. Tutaanza kesi upya," wakili akasema.

Chirau aliona haya. Kazi yake ofisini ilikuwa imekwenda, na Abrar hakuwa na pa kushonea. Akasogea mwisho wa jamvi, mwenye duka apate kuketi.