Mti wa Marehemu Brigita

Mwalimu Restuta alikuwa na ugonjwa wa simu. Ikilia, moyo unampasuka. Isipolia, ndiyo mbaya zaidi. Pale sekondari, Kilwa Masoko, wenzake walidhani anadaiwa. Mwanahija, mwalimu wa Kiswahili, akamtania, "Shoga, kama ni mwanamume, huyo atakuua na presha." Restuta akatabasamu tu. Angemwambia nini? Kwamba hapati usingizi kwa ajili ya mti?

Mti wenyewe uko vilimani Kipatimu, katikati ya shamba la ufuta la Mzee Romani. Mama yake Romani, Bibi Brigita, ndiye aliyekataa usikatwe, na ndiye aliyemwonyesha Restuta maua yake, yanayochipua kwenye shina badala ya matawini. Restuta alikuwa amesomea mimea chuo kikuu kabla ya kuangukia ualimu. Alipekua kila kitabu, mti asiuone. Sayansi ilikuwa haijaupa jina. Bibi alipofariki, Restuta alisimama matangani, mbele ya watu, akaahidi kwamba mti ule utaitwa Brigita duniani kote. Romani alilia. Mwaka ule ufuta ulikuwa na bei nzuri na majirani walifyeka hadi kwenye mawe, lakini yeye aliuacha mti wake usimame. Ahadi ni deni, na hii ilitolewa kaburi likiwa bado bichi.

Sasa sikiliza uungwana wa wakubwa. Restuta aliandika makala, akaituma kwenye jarida la nje. Ikarudi: kwanza linganisha mti wako na tawi la mti wa jamii yake, lililokaushwa enzi za Mjerumani. Tawi hilo lilikatwa wapi? Vilima vilevile vya Kipatimu. Na sasa liko wapi? Ulaya, kabatini. Yaani mtoto wa Kilwa aombe viza akatazame jani la Kilwa! Aliomba, akanyimwa. Ndipo profesa mmoja wa huko alipomwandikia kwa upole: nitumie lako, nitalinganisha mimi.

Restuta alikuwa na tawi moja tu lenye maua. Alijua vizuri kwamba katika kazi hii anayetangulia kuchapisha ndiye anayetoa jina. Akalituma hivyohivyo, afanyeje? Mnyonge hana haki. Tangu siku hiyo profesa alikuwa kimya, na ndiyo maana simu ilikuwa inamtesa.

Ikalia Jumamosi moja akiwa sokoni, anachagua samaki. Hongera sana, profesa aliandika, makala imetoka, na tumekuenzi. Walioandika ni watatu, hakuna aliyewahi kukanyaga Kipatimu. Restuta alitajwa chini kabisa, kwenye shukrani. Na mti wameuita kwa jina la mwalimu huyo mpenda mimea. Wameuita Restuta.

Mwingine angefurahi. Yeye alimfikiria Romani. Hata kwa wanasayansi ni aibu mtu kuupa jina lake mti alioutangaza mwenyewe, lakini Kipatimu nani anajua nani kaandika? Watasema mwalimu aliahidi matangani, kisha akajiandika yeye. Na Romani akiamini hivyo, atauacha mti kwa sababu gani?

Aliacha samaki mezani kwa muuzaji, akapanda bodaboda hadi Nangurukuru, akadandia lori la kupanda vilimani. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga yalisikika kama ya mwongo.

Habari ilimtangulia. Mtu alikuwa ameshairusha kwenye kundi la WhatsApp la wazaliwa wa Kipatimu, pamoja na picha yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Romani hakunyanyuka. Alikuwa ananoa panga. "Umekuja kuangalia mti wako?"

Restuta alimweleza yote, tawi, viza, profesa, bila kujitetea sana. Romani alinoa mpaka akamaliza.

"Hilo jina linaweza kufutwa?"

"Haliwezi. La kwanza kuchapishwa ndilo linalobaki."

"Hata wewe ukilikataa?"

"Hata nikilikataa."

"Kumbe na wewe hawakukuuliza."

Restuta akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Romani akaliweka panga chini.

"Mti nitauacha, ni wa mama," alisema. "Na hilo jina la Brigita alipewa na padri, siku ya ubatizo. Naye hakuulizwa. Nyumbani tulimwita kwa jina la kwetu."

Kwa mara ya kwanza siku ile Restuta alipumua. Makala nyingine ingewezekana, hata fupi, angalau jina hilo liandikwe mahali. Alishatoa simu.

"Jina gani, baba?"

Romani aliitazama ile simu, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, mwalimu," alisema taratibu. "Hilo tuachie."