Bi Waya na Tundu la Mbele ya Seva

Bi Waya hakusomea kompyuta darasani. Aliingia hospitalini kama mpiga chapa wa masijala, na kompyuta zilipokuja alijifundisha kwa kufungua na kufunga, akiharibu na kutengeneza, mpaka watu wakamwita Bi Waya na jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alipotimiza miaka hamsini na tatu, mkandarasi alileta seva mbili mpya za kutunzia mafaili ya wagonjwa. Zikafungwa katika chumba nyuma ya maabara, na mkurugenzi akabandika amri mlangoni: asiziguse mtu isipokuwa fundi wa kampuni. Fundi huyo aliishi mji mwingine. Seva ikiganda, hospitali nzima inamngoja siku mbili, na daktari hajui hata mgonjwa wake anadhurika na dawa gani.

"Bosi, ndani ya seva mna kifaa cha kuisimamia kutoka mbali," Bi Waya alimweleza mkurugenzi. "Hata ikiganda, mtu anaizima na kuiwasha akiwa kwenye meza yake. Hawa watu wa kampuni hawakukiunganisha."

"Bi Waya, umebakiza miaka michache. Ya nini kujitafutia makubwa? Kaa na masijala yako."

"Masijala yangu ndiyo hiyo inayoganda."

Akarudi nyumbani na kitabu cha maelekezo, akakisoma hadi wifi yake, muuguzi wa wodi ya wazazi aliyekuwa akiishi naye, akamcheka. "Hata kaka yangu hukumsoma hivyo."

"Kaka yako hakuwa na maelekezo, wifi."

Jumatatu saa nne asubuhi seva ikaganda tena. Wifi akaja mbio kutoka wodini: kuna mama anatakiwa kupasuliwa, hajitambui, na faili lake limo humo humo. Bi Waya hakuuliza la pili. Alichukua ufunguo wa akiba uliotundikwa masijala, akaufungua ule mlango wenye amri na kuuacha wazi, kila apitaye aone.

Mbele ya seva iliyoganda palikuwa na tundu dogo la USB lenye alama ya spana. Akachomeka waya, ncha ya pili akaitia kwenye kompyuta yake ndogo. Ukurasa wa usimamizi ukafunguka. Nenosiri la kiwandani lilikuwa kwenye kibandiko, hakuna aliyewahi kulibadilisha. Akalibadilisha yeye. Akakipa kile kifaa anwani yake ya mtandao, akachomeka waya wa mtandao kwenye tundu lake la nyuma, kisha akaiamuru seva ijiwashe upya.

"Toa mkono hapo," sauti ya mkurugenzi ilisema mlangoni.

"Nitautoa nikimaliza."

"Umesoma amri yangu?"

"Nimeisoma. Haisemi yule mama tumfanyeje."

Hakugeuka. Seva ilipoamka, wifi akalisoma faili palepale na kukimbia nalo kichwani. Mama yule alipona, na mtoto wake pia.

Jioni Bi Waya alipewa barua ya onyo na kutakiwa aombe radhi kwa maandishi. Akaandika ukurasa mmoja: hatua zote alizofuata, nenosiri jipya ndani ya bahasha iliyofungwa, na mstari wa mwisho, "Radhi sina." Wakamhamishia stoo ya mashuka.

Wiki tatu baadaye seva ile ile ikaganda. Safari hii Bi Waya aliiwasha kutoka kwenye kompyuta ya stoo, bila kuinuka kitini. Dakika sita. Kisha akainuka, akaenda ofisini kwa mkurugenzi na karatasi tupu, akaiweka mezani.

"Andika kwamba seva ziko chini yangu."

"Na nisipoandika?"

"Nitaendelea kuziwasha, na wewe utaendelea kunionya. Tuone nani atachoka."

Akavuta kiti, akaketi. Mkurugenzi alipokea simu mbili, akatia saini hati za watu wengine, akajifanya anatafuta miwani. Saa tisa ilipogonga aliivuta ile karatasi na kuandika. Bi Waya akaisoma mara mbili, akamrudishia.

"Umesahau tarehe," akasema.