Kesi ya Swali Moja

Nikisikia redioni watu wakijadili sheria ya kuwalinda wananchi wanaosema hadharani, kwamba hakimu aifute mapema kesi iliyofunguliwa kwa nia ya kumziba mtu mdomo, huwa siwezi kukaa. Nazunguka uani, nashika ufagio, nafagia pasipo na uchafu. Wanangu hucheka. Wacheke tu, wao hawakulikalia lile benchi la mahakamani.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza dagaa. Nilikuwa nikiwafuata Nkome, ziwani, na kuwauza gulioni kijijini kwetu, upande wa Geita. Tajiri mmoja mwenye mashimo ya dhahabu akachimba mabwawa ya kuoshea mchanga juu kidogo ya kisima chetu, na watu wake wakawa wanatumia zebaki. Maji yakabadilika rangi. Ndama wawili wa jirani wakafa. Kwenye mkutano wa kijiji nikanyoosha mkono, nikauliza: "Hiyo zebaki inaishia wapi, kama si kisimani?"

Watu walipiga makofi, na mwenyekiti akasema swali limepokelewa. Kweli lilipokelewa, maana haukupita muda nikaletewa samansi. Eti nimemchafulia tajiri jina, nimlipe fidia ambayo hata ningeuza dagaa wote wa ziwani nisingeifikia. Nikawaendea wale waliopiga makofi wanitolee ushahidi. Huyu alikuwa na msiba, yule mgongo unamsumbua.

Kila tarehe nilidamka kwenda mahakamani mjini. Mara wakili wa tajiri anaumwa, mara yuko Mwanza, mara hakimu yuko semina. Imeahirishwa. Nilikuwa naingia, natoka, nachungulia dirishani, narudi benchini, nainuka tena.

"Mama, kaa basi, unatutia kizunguzungu," karani aliniambia siku moja.

"Nikae vipi na mvua zimeanza, shamba langu halijalimwa?"

Nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu yeyote mle ndani aulize habari ya kile kisima, na hakuna aliyeuliza. Kilichozungumzwa ni tarehe tu.

Siku ile nilirudi nyumbani nikijua msimu umenipita. Nikawakuta wanawake wa kikundi chetu, tunaolimiana kwa zamu, wako shambani kwangu ingawa zamu haikuwa yangu. Walikuwa wanamalizia matuta ya mwisho huku wakiimba kwa Kisukuma: zebaki inaishia wapi, inaishia wapi. Majembe yalishuka pamoja. Msimamizi wa mashimo alipita na baiskeli, akasimama, akatukodolea macho. Angemshitaki nani? Nililia bila haya, kisha nikachukua jembe nikaingia mstarini.

Msimu mzima ukapita hivyo, mimi nikiwa benchini na wao wakipalilia shamba langu. Halafu asubuhi moja karani akaniambia tajiri ameiondoa kesi.

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Huna kesi, mama. Nenda nyumbani."

Nilichukia kuliko siku zote. Nilitaka kushinda, na kama haiwezekani, basi hata nishindwe, lakini mtu alitamke lile swali mbele ya hakimu. Nilitembea mji mzima nikiongea peke yangu mpaka basi likaja.

Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti alitangaza kwamba tajiri anaongeza mabwawa mengine. "Kuna mwenye swali?"

Wale wote walioimba shambani walikuwepo, wameinamisha macho kwenye khanga zao. Nilingoja, nikaona hakuna, nikanyoosha mkono.

Aliyekaa karibu yangu ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo. Aliudaka ule mkono kabla mwenyekiti hajauona, akaushusha taratibu hadi mapajani mwake.

"Mayu, mama yangu, acha," alininong'oneza. "Tutakulimia mpaka lini?"

Akaushikilia hivyo, kwa mikono yake miwili yenye sugu za jembe, mpaka mwenyekiti alipofunga mkutano.