Shampanye ya Mahari

Mdogo wangu aliachwa siku chache kabla ya sherehe ya mahari yake. Familia ya mwanamume ilimtuma mjumbe aje kutuambia kwamba hawatakuja, na kwamba tusiulize zaidi. Mahema tukayarudisha, na kreti za bia nazo zikarudi dukani, isipokuwa moja. Ikabaki pia chupa ya shampanye, kama tunavyoita hapa Bujumbura mvinyo wowote wenye kizibo cha kuruka. Aliichagua mwenyewe kwa ajili ya wakwe.

Alihamia kwangu Mutanga Sud na kuacha kwenda kwenye duka la dawa alikokuwa akiuza. Chupa niliiweka juu ya kabati la jikoni. Mume wangu alitaka tumpe jirani, nikamkatalia, ingawa sikujua naiwekea nini. Yule mwanamume hatukumtaja tena. Magari ya harusi yakipita barabarani yakipiga honi, mmoja wetu aliinuka kufunga dirisha.

Jumamosi moja mchana, mama akiwa ametutembelea kutoka Ruziba, mdogo wangu aliingia sebuleni amebeba ile chupa, na bia mbili za baridi kwapani.

"Leo tunaifungua," alisema. "Niliona kwa telefone, wanachanganyaka na bia. Nusu kwa nusu, na ndimu kidogo."

Mume wangu alicheka. "Bia na shampanye? We, utaharibu vyote viwili."

"Basi viharibike."

Akasimama mlangoni, akakisukuma kizibo kwa vidole gumba. Kiliruka hadi uani na kuku wa jirani wakatawanyika. Alimimina bia kwanza, kisha shampanye juu yake, kwa haraka mno. Povu likapanda, likafurika, likateremka kwenye kitambaa cha meza hadi miguuni mwa mama. Mdogo wangu akaanza kucheka. Kicheko kikaendelea, kikageuka, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine.

Nilinyanyuka nikatafute tambara.

"Kaa, dada," alisema, akijifuta machozi kwa mkono uliolowa. "Munaninyamazia kama iko maiti mu nyumba. Mi siko maiti."

Nikakaa. Akachukua glasi nyingine, safari hii akaiinamisha, akamimina polepole. Ilitoka rangi ya asali, na mapovu madogo yakipanda bila fujo. Akampa mama kwanza.

Mama alionja, akaonja tena. "Iko kama urwarwa," alisema, akimaanisha pombe ya ndizi, "siku ile inaanza kuchacha." Akanywa hadi nusu. Kisha akamtazama mdogo wangu. "Mbele ya kuolewa na baba yenu, kulikuwa mwingine."

Mume wangu aliweka glasi yake chini.

"Mwingine nani, mama?" niliuliza.

"Wa Gihosha. Tulipika, tukafagia lupango, uwanja wote, tukangoja mpaka chakula kikapoa. Hawakukuja. Nikalala kitandani, sikutaka kuona mutu."

"Na hukutuambia?" mdogo wangu alisema.

"Nani aliniuliza?"

Mdogo wangu alisogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akaanza kuuliza. Alikuwa mzuri? Ulimpenda? Uliinuka lini kitandani? Mama alijibu yote, hata yale ambayo mimi nisingethubutu kuyauliza, na kuna mahali walicheka wote wawili mpaka mama akashika kifua. Mume wangu akaleta ndimu nyingine kutoka jikoni bila kuombwa. Ukweli ni kwamba kinywaji kilikuwa kichungu kidogo, na kilipoanza kupoteza ubaridi hakikufaa kitu, lakini tulikimaliza.

Mama alilala kwetu siku ile. Jumatatu asubuhi nilimkuta mdogo wangu akipiga pasi koti lake jeupe la kazini. Aliniuliza kama nina nauli ya ziada, nikampa, akatoka.